Shajara ya Shani: kumnyoosha farasi aliyepinda kulia

Februari, mwanzoni

Naanza kuandika sasa ili nisije nikategemea kumbukumbu. Shani ni farasi jike, ana miaka saba, amelelewa kwenye kuruka vizuizi na sasa tunaingia dresaji (mafunzo ya utiifu na mwendo uwanjani) taratibu. Ana moyo mzuri sana, anapenda kazi, ila amepinda. Ukimwongoza duara la kulia shingo inageuka yenyewe, laini kabisa, mtu asiyejua atasema huu ndo upande wake mzuri. Ukigeuka kushoto anakuwa mzito, anaegemea hatamu ya kushoto, na hatamu ya kulia inabaki tupu, huna kitu mkononi.

Farasi karibu wote wana upande. Wa Shani ni huu: upande wa kulia ni mfupi, nyonga zake zinateleza kwenda kulia, na uzito unaangukia bega la kushoto. Kwa hiyo ule ugumu wa kushoto hautoki mdomoni, na wala sio ukaidi. Anajishikilia kwenye hatamu ya kushoto kwa sababu mguu wa nyuma wa kulia hauingii chini ya mwili, unatua pembeni, basi mzigo unakosa pa kukaa isipokuwa bega la upande wa pili. Ukishaliona hilo huwezi tena kuvuta hatamu ya kushoto kwa roho safi.

Lengo la mradi: duara la kipenyo cha mita 10 pande zote mbili kwa mdundo uleule, sholda-ini (kwenda mbele mabega yakiwa yameingia ndani ya njia) pande zote mbili, na hatamu mbili zenye uzito unaolingana. Sina haraka, misuli inajengeka kwa miezi na farasi wa namna hii ukimkimbiza anajifunza kujificha tu.

Februari, kabla ya kupanda

Kabla ya mazoezi yoyote lazima ujue kama kuna maumivu. Daktari wa mifugo amemwangalia akitembea na akikimbia troti (mbio za polepole) kwenye ardhi ngumu, mistari na maduara, hachechemei. Meno yamekaguliwa na kusawazishwa. Kwato zinachongwa kila baada ya wiki sita hadi nane na hapo hatulegezi, maana ukwato mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake unaanza na farasi aliyepinda tayari kabla hujaweka hata tandiko.

Kitu kimoja nakisisitiza kwa kila anayeniuliza: mwangalie farasi wako kutoka juu. Mtu amshike kichwa, farasi asimame sawa miguu yote minne, kichwa kielekee mbele kabisa, alafu panda kwenye kitu imara nyuma yake kwa umbali salama, uangalie mgongo hadi mabega. Kwa Shani bega la kushoto limejaa zaidi, linaonekana wazi hata kwa mtu asiye na uzoefu, na msuli wa nyuma ya bega la kulia umebonyea kidogo. Hiyo picha inakueleza kwa nini tandiko linakuwa likisukumwa kwenda kulia. Fundi wa matandiko ameweka kipande cha kujazia upande wa kulia kwa sasa, na tumekubaliana arudi kadri mwili unavyobadilika. Ukipima tandiko mwenyewe, pitisha kiganja chini ya sehemu ya mbele kuanzia juu kwenda chini, mgandamizo uwe uleule, pasiwe na mahali mkono unabanwa, na ule mfereji wa katikati usiguse uti wa mgongo hata ukiwa umekaa juu yake.

Mkanda wa pua: vidole viwili vipite juu ya mfupa wa pua, katikati, sio pembeni kwenye nyama ambako vitapita tu hata kama umebana. Farasi asiyeweza kulegeza taya hawezi kulegeza shingo, na asipolegeza shingo mgongo nao unakaza, kwa hiyo ukibana mdomo ukimya unaoupata ni wa uongo.

Februari, kamba ndefu

Tunafanya kazi kwa kamba kwanza, na kapsoni (mkanda wa kichwani wenye pete juu ya pua), sio kamba iliyofungwa kwenye lijamu, ile chuma ya mdomoni. Duara kubwa, karibu na mita 20, kwa sababu duara dogo linachosha viungo na linamfanya ajitupe ndani. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kabisa, tukibadilisha upande mara nyingi, na nusu ya hiyo ni kutembea.

Natafuta mdundo kuliko kitu kingine chochote. Kutembea ni mapigo manne, troti mawili, kanta (mbio za kasi kuliko troti) matatu na baada yake ile nafasi fupi ya kuelea hewani. Nikisikia mapigo yamepotea najua kuna kitu kimemkaza na hakuna haja ya kuendelea na zoezi lolote la ujanja. Upande wa kushoto anaanguka ndani kwa bega, nikimwelekezea fimbo ndefu kwenye bega (bila kumgusa) anasogea nje hatua mbili tatu, hapo hapo nashusha fimbo. Kushusha ndo kunakofundisha. Farasi anajifunza kutokana na kile kilichokuwa kinatokea sekunde ile presha ilipoondoka, kwa hiyo ukichelewa kuachia umemfundisha kitu kingine kabisa.

Machi, kutembea tu

Sasa niko juu. Watu wanapita haraka hapa na mi nakaa makusudi, kwa sababu kutembea ndo mwendo unaoharibika upesi na kurudi kwa shida, na pia ndo mwendo unaokupa muda wa kuhisi kila mguu.

Jinsi ya kuhisi: legeza mapaja, acha tumbo lake likusogeze. Mguu wa nyuma wa kulia unapoletwa mbele, tumbo linayumba kwenda kushoto, na mguu wako wa kulia unaanguka ndani wenyewe kufuata nafasi iliyoachwa. Hapo ndo pa kuomba. Ukiminya muda huo mguu uko hewani, unaweza kuingia ndani zaidi. Ukiminya wakati umeshatua chini unabeba uzito, hawezi kuupeleka popote, utaona tu ananyanyua mkia au kukaza mbavu na wewe utadhani hasikii. Kwa Shani huu mguu wa kulia ndo kazi yangu yote, namwomba auweke chini ya mwili hatua kwa hatua, na ninasubiri hatamu ya kulia ipate kitu.

Nimegundua njia nzuri ya kupima. Uwanja ukishapigwa reki, kabla farasi yeyote hajaingia, natembea naye mstari wa katikati kutoka A kwenda C (herufi za katikati ya pande fupi za uwanja), alafu nashuka na kusoma nyayo. Siku ya kwanza niliyofanya hivi, nyayo za kushoto zilikuwa juu ya mstari mmoja, ya nyuma imefunika ya mbele vizuri. Nyayo za kulia zilikuwa mistari miwili, ya nyuma imetua karibu upana wa ukwato nzima nje ya ile ya mbele. Mchanga hauna upendeleo, na ukiwa juu ya tandiko ungeapa farasi ameenda moja kwa moja. Nimepiga picha, nitafanya hivi kila mara mchanga ukiwa freshi.

Na mimi mwenyewe: mifupa ya kukalia ibonyee sawa kushoto na kulia. Shani ananisogeza kulia bila mimi kutaka, kwa hiyo natembea bila vikuku (vya kukanyagia) mwanzo wa kila kipindi, naangalia kitovu changu kiko juu ya katikati ya tandiko, ndo navaa vikuku.

Machi, duara la mita 20 ambalo ni duara kweli

Hapa nataka kuandika kwa urefu kidogo kwa sababu nimeona wapandaji wengi wanaotaka mazoezi magumu wakati duara lao ni yai.

Uwanja wa kawaida wa mashindano ni mita 20 kwa 60. Ukichora duara la mita 20 kwenye A, linagusa uzio wa upande mrefu mita 10 kutoka kona. Herufi K na F ziko mita 6 kutoka kona, maana yake unagusa uzio mita 4 baada ya K au F, sio kwenye herufi. Na unakata mstari wa katikati mita 20 kutoka A, ambayo ni mita 2 zaidi ya mstari wa V na P. Wengi wanaenda V kwa P na duara linabonyea. Kwenye uwanja mdogo wa 20 kwa 40 ni rahisi zaidi, duara la A linapita X, yaani katikati ya uwanja, moja kwa moja.

Naweka koni nne kwenye hizo sehemu nne na kazi yangu ni kuzigusa kwa mdundo uleule. Robo ya duara kwa robo ya duara. Ukiwa na koni unaona aibu ya kila robo, kwa mfano Shani akienda kushoto anajaza robo ya kwanza vizuri, robo ya pili anaanguka ndani, na ya tatu napoteza hatamu ya kulia kabisa.

Dawa yake haikuwa kuvuta. Akienda kushoto: mguu wangu wa kushoto kwenye mkanda wa tumbo unamwambia sogeza bega huko nje, mkono wa kushoto unalegea kidogo mara baada ya kuomba, na mkono wa kulia unabaki pale ukimsubiri. Akienda kulia ni kinyume, na huku ndo watu wanadanganyika: shingo inageuka sana, bega la kushoto linatoka nje, duara linakuwa mita 24. Sasa ukiongeza hatamu ya kulia unaongeza tatizo. Nanyoosha shingo kwa hatamu ya kushoto, mguu wa kushoto mbele kidogo, nageuza mabega yote mawili kama kigari chenye magurudumu mawili mbele, sio pua peke yake.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni kugeuza duara kuwa almasi. Koni zilezile, ila kati ya koni na koni unaenda mstari ulionyooka, na kwenye koni unageuza mabega kwa hatua mbili tatu tu. Farasi hawezi kujificha kwenye kona ndogo ya namna hiyo, ama amegeuka kwa mwili mzima ama amepita koni. Nafanya kwa kutembea, alafu troti fupi, pande zote.

Machi, mwishoni

Troti ya kuinuka. Kwa wanaoanza: inuka bega la nje linapoenda mbele, kaa linaporudi, hapo unakaa wakati mguu wa nyuma wa ndani uko chini. Farasi aliyepinda atakutupa kwenye mguu anaoupenda yeye, kwa hiyo hata kwenye matembezi ya nje badilisha mara kwa mara.

Siku moja kulikuwa na upepo mkali, milango inagonga, Shani alitoka kwenye banda kichwa juu, taya limefungwa, mapigo ya troti mafupi mafupi. Nilifuta mpango wote. Tulifanya tembea, simama, tembea, kwenye mistari mikubwa, na kila alipopumua kwa puani ile pumzi ndefu yenye sauti nilimwachia hatamu. Alipolamba midomo na kushusha shingo mara kadhaa nikashuka. Farasi mwenye hofu hajengi misuli unayoitaka, anaimarisha ileile anayojikazia.

Aprili, magogo

Tumeingiza magogo ya ardhini. Kwa troti nimeanza na umbali wa mita 1.3 kati ya gogo na gogo na kurekebisha kwa kuangalia nyayo, ukwato unatakiwa utue katikati. Akigonga gogo au akiruka mawili kwa pamoja umbali haumfai, sio kwamba mvivu. Kwa kutembea ni kama sentimita 80 hadi 90.

Kisha tukayapanga kama feni kwenye duara, nikipima umbali kwenye katikati ya magogo. Mguu wa ndani unanyanyuka zaidi na nyonga inafanya kazi. Duara la kulia likawa tamu ghafla, kwa sababu mguu wa nyuma wa kulia sasa ndo wa ndani na magogo yanauomba uingie chini bila mimi kusema kitu. Hapo ndo kwa mara ya kwanza nilihisi mgongo wake umenyanyuka chini ya tandiko, mtetemo laini unaopita kutoka nyuma hadi kwenye kiganja. Tukaacha hapo hapo.

Hafu-holti (ishara fupi ya kumkusanya na kumweka sawa bila kumsimamisha) pia zimeanza kupita. Nitaielezea kwa namna ninayoifanya: mgongo wangu unakua mrefu, tumbo linakaza kidogo, miguu inabaki karibu, mkono wa nje unafunga vidole kama unakamua sifongo, alafu vyote vinaachia. Inachukua hatua moja. Ikichukua zaidi ya hapo umeshakuwa unavuta. Shani akiipokea, masikio yanarudi kwangu sekunde moja na hatua inayofuata inakuwa na nguvu ileile ila fupi kidogo mbele.

Mei, sholda-ini

Zoezi hili Mfaransa François Robichon de la Guérinière aliliweka wazi karne ya 18 na mpaka leo hatujapata mbadala wake. Mabega yanaingia ndani ya njia, nyonga zinabaki sambamba na uzio, pembe kama nyuzi 30, na ukiangalia kutoka mbele unaona mistari mitatu: mguu wa nyuma wa ndani unafuata njia ya mguu wa mbele wa nje.

Kwa farasi aliyepinda zoezi hili ni kama limetengenezwa kwa ajili yake, kwa sababu tunaleta mabega mbele ya nyonga. Usijaribu kunyoosha farasi kwa kusukuma nyonga zirudi mahali pake, zitatoroka tena hatua inayofuata. Peleka mabega mbele ya nyonga, kila mara.

Namna ninavyoingia: duara la mita 10 kwenye kona, na hatua ya kwanza ya kuanza duara la pili badala ya kuliendeleza naiweka kwenye mstari mrefu. Hatua tatu nne nzuri, alafu natoka mbele kwenye duara kubwa kabla hajaharibu. Kushoto anakuwa mgumu kukunja mbavu, kwa hiyo pembe ndogo, nusu ya ile ya vitabuni, na mkono wa kushoto uwe mwepesi sana. Kulia anatoa shingo tu na bega la kushoto linakimbia, kwa hiyo nafikiria hatamu ya nje tu na naweka shingo karibu inyooke. Ukiona shingo imekunja na miguu inaenda kawaida kwenye mistari miwili, hiyo sio sholda-ini, ni farasi anayeangalia madirisha.

Mkono wa ndani najaribu kila mara: nausogeza mbele kwenye singa hatua mbili alafu naurudisha. Akibaki kwenye mkunjo uleule, ameshikwa na hatamu ya nje na mguu wa ndani, vizuri. Akinyooka au akigeukia nje, nilikuwa namshikilia kwa mkono.

Mei, mwishoni

Nyayo kwenye mchanga uliopigwa reki: ya nyuma ya kulia sasa inakanyaga ukingo wa ile ya mbele. Sio juu yake bado, ukingo. Nimeweka picha mbili pamoja na tofauti inaonekana bila maelezo.

Hatamu ya kulia ina uzito. Sio mwingi, ila upo kila hatua na hauruki ruki. Mwisho wa kila kipindi namwachia hatamu zitelezе kwenye vidole na yeye ashuke shingo akizitafuta, pua ikiwa mbele, sio imekunjwa kifuani. Zamani alikuwa anashuka akigeukia kulia. Wiki hii anashuka katikati, na povu liko pande zote mbili za mdomo.

Wiki hizi pia nampa siku za kupanda vilima kwa kutembea, hatamu ndefu, bila kuombwa chochote. Kwangu hiyo ni kazi kamili na naiandika kwenye ratiba kama kazi.

Juni, kanta

Kanta ya kushoto iko sawa. Ya kulia nyonga zinaingia ndani, na akichoka yale mapigo matatu yanakuwa manne, naisikia kabla sijaiona. Tiba ya mapigo manne ni kwenda mbele, sio kumtuliza zaidi, kwa hiyo namwachia hatua kadhaa ndefu upande mrefu alafu namrudisha kwenye duara. Na kabla ya kuomba kanta ya kulia naweka mabega ndani kidogo, robo tu ya pembe ya sholda-ini, nasubiri hafu-holti moja ipite, ndo naomba. Akiingia akiwa amepinda narudi troti bila hasira na kupanga upya, siendelei na kanta mbaya kwa matumaini kwamba itajinyoosha njiani.

Duara la mita 10 kwa troti limekamilika pande zote mbili, mdundo haubadiliki, hilo nalifuta kwenye orodha. Sholda-ini kulia inakwenda nusu ya upande mrefu, kushoto pungufu kidogo.

Mwezi ujao: mizunguko miwili ya nusu duara mita 10 inayokutana X, kushoto kisha kulia, ili nione anabadilisha mkunjo bila kupoteza hatamu ya nje. Kanta ya kulia itabaki kwenye duara la mita 20 na mpito mwingi, troti kanta troti, mpaka nyonga zikae nyuma ya mabega kwa angalau duara moja zima bila mimi kuzishika. Travasi (zoezi la kuingiza nyonga ndani ya njia) sigusi kabisa kwa sasa upande wa kulia, kwa sababu nyonga tayari zinaenda huko zenyewe na sitaki kumpa jina la zoezi kwa tabia ninayomtoa.